Personal Ensign: jike aliyeshinda mbio zote, kisha akazaa mabingwa

Mwenzetu ameuliza kama farasi jike aliyetamba uwanjani aweza kutarajiwa kuzaa watoto wenye mbio kama zake. Kwa miaka yote niliyohudumia farasi majike wa uzazi nimeona kwamba kwa kawaida hapati nafasi za kutosha. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11 na huzaa mtoto mmoja, ilhali dume mashuhuri aweza kupandishwa kwa majike zaidi ya 100 katika msimu mmoja. Tena kanuni za usajili wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, haziruhusu uhimilishaji (kumpa jike mimba kwa mbegu bila kupandwa na dume) wala kuhamisha kiinitete kwenda tumbo la jike mwingine. Kwa hiyo bingwa aliyezaa mabingwa ni wa kuenziwa, na kwangu wa kwanza ni Personal Ensign wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1984, baba yake Private Account na mama yake Grecian Banner, akawa mali ya Ogden Phipps na mwanafunzi wa mkufunzi Shug McGaughey. Mwaka 1986 alishinda mbio zake mbili za kwanza, kisha akavunjika mfupa wa mguu wa nyuma, juu kidogo ya kwato, ukaungwa kwa skrubu tano. Nimeuguza farasi waliovunjika miguu, na najua kwamba hatari haiishii kwenye mfupa wenyewe: mnyama huyu hawezi kulala kitandani kama mgonjwa wa kibinadamu, na uzito anaouhamishia mguu wa pili usiovunjika waweza kuuharibu ndani ya kwato, hata ukawa ndio unaomuua. Personal Ensign alirudi uwanjani Septemba 1987, akashinda mara nne mwaka huo na mara saba mwaka uliofuata, zikiwemo mbio za Whitney kule Saratoga alikomshinda Gulch, dume wa daraja la juu kabisa.

Mbio zake za mwisho, Breeders' Cup Distaff (mbio za majike katika mashindano makubwa ya Breeders' Cup) ya Novemba 1988 katika uwanja wa Churchill Downs, zilikimbiwa kwenye matope. Winning Colors, jike aliyekuwa ameshinda Kentucky Derby mwaka huohuo, alishika uongozi mapema, huku Personal Ensign akihangaika kupata mahali pa kukanyaga na kuachwa mbali kiasi kwamba kutoshindwa kwake kulionekana kumekwisha. Katika mnyoosho wa mwisho, yaani sehemu iliyonyooka kuelekea mstari wa kumalizia, mpanda farasi Randy Romero alimtoa upande wa nje, naye akaikata ile nafasi hatua kwa hatua hadi akampata mpinzani wake mstarini penyewe, kwa upana wa pua. Zilikuwa mbio 13, ushindi 13. Sijaona ujasiri unaozidi huo kwa farasi yeyote, na nasema hivyo baada ya kuutazama mkanda wake mara nyingi.

Huko kwenye shamba la Claiborne, Kentucky, alimzaa Miner's Mark, mshindi wa mbio za Jockey Club Gold Cup mwaka 1993, na baadaye farasi mwingine aitwaye Traditionally. Mwaka 1996 alitajwa kuwa jike bora wa uzazi nchini humo. Lakini aliyemfuata hasa ni bintiye My Flag, ambaye baba yake ni dume Easy Goer. Mwaka 1995 naye alitokea nyuma, akashinda Breeders' Cup ya majike wa miaka miwili. Mwaka 2002 binti wa My Flag, Storm Flag Flying, alishinda mbio hizohizo, baada ya kupitwa na Composure kwenye mnyoosho na kumrudia tena. Vizazi vitatu, vyote chini ya McGaughey.

Kasi peke yake hupatikana hata kwa dume. Ninapomkagua jike wa kuzalisha, huuliza kwanza mama yake na nduguze walifanya nini walipopitwa. Kaka wa Personal Ensign kwa baba na mama, Personal Flag, alishinda mbio za Suburban mwaka 1988, kwa hiyo ubora ulikuwa tayari katika tumbo la Grecian Banner.