Daraja la kebo: magunia ya mahindi hayaruki

Daraja la kwanza la kebo nililoshiriki kujenga tulilipima kwa magunia ya mahindi. Tukayapanga katikati, yakalala hapo usiku kucha, asubuhi hakuna kilichosogea. Kamati ikaridhika, nami nikaridhika. Wiki ya pili watoto watatu waliotoka shule wakagundua kwamba wakiruka pamoja, daraja nalo linaruka. Nilipofika mbao zilikuwa zikipanda na kushuka kama mawimbi, na kwenye nanga, pale kebo inapofungwa ardhini, kebo ilikuwa imechomoka upana wa vidole viwili ndani ya klempu, yaani chuma kinachoibana. Nilijua hilo kwa alama ya rangi niliyokuwa nimechora kwenye mkia wake, ile ncha isiyobeba mzigo. Hakuumia mtu, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Baadaye nikasoma habari za Dryburgh, Uskoti. Mwaka 1817 mafundi John na William Smith walijenga hapo daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Tweed, urefu wa mita 79 hivi, kwa ajili ya Earl wa Buchan. Minyororo yake ilitoka vichwani mwa nguzo ikashuka kimshazari, kila mmoja hadi sehemu yake ya sakafu. Ile mirefu ililegea kwa uzito wake yenyewe, na kila mmoja ulikuwa na mwendo wake. Watu watatu au wanne wakajaribu kulitikisa waone litafika wapi. Mnyororo mmoja mrefu ukakatika. Januari 1818 upepo mkali ukaliangusha lote.

Lilijengwa upya haraka, safari hii minyororo mikuu ikipinda kutoka ukingo hadi ukingo na sakafu ikining'inia kwa vyuma vya wima, kama tunavyojenga sisi. Mwaka 1838 dhoruba ikalichukua hilo pia.

Kwa hiyo sikubali tena daraja refu lisilo na kebo za upepo, moja kila upande, zikivutwa kutoka sakafuni hadi nanga zake zilizo mbali na mstari wa daraja. Kamati itasema fedha zimeisha. Bora lisubiri msimu mmoja.

Usikubali pia kulikaza hadi linyooke. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mbona limelegea kama kamba ya nguo?" Nikamjibu, "Mzee wangu, tukipunguza mpindo huu kwa nusu, kebo itavutwa karibu mara mbili kwa mzigo uleule." Akanyamaza, kisha akaniuliza kuhusu nanga, na hilo ndilo swali lenyewe.

Klempu nazo zina upande. Tandiko, kile kipande kinene cha klempu, likae kwenye kebo inayobeba mzigo, chuma cha U kibane mkia. Ukishapanga mzigo, rudia kukaza nati zote kwa spana, maana kebo ikivutwa hukonda.

Kisha ondoa magunia. Waite vijana wachache, wafunge mikanda ya usalama, waanze taratibu kuruka pamoja katikati. Wewe kaa kwenye nanga, macho kwenye alama ya rangi.