Usafi wa Tequila: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Lebo

Lebo ya chupa yangu ya pombe hii kali ya Mexico imeandikwa “Tequila” tu. Muuzaji ananihakikishia kwamba tequila yote hutokana na mmea wa agave. Je, ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu tu. Kanuni za Mexico zinatambua aina mbili: ile ambayo sukari yake yote iliyochachushwa imetokana na agave ya buluu, na ile ambayo angalau asilimia 51 ya sukari hiyo ni ya agave, huku iliyobaki ikiruhusiwa kutoka kwingine, kwa mfano kwenye miwa. Aina hii ya pili ndiyo inayoandikwa “Tequila” pasipo nyongeza, kwa hiyo ukimya wa lebo ndio ushahidi wenyewe. Mnunuzi anayetaka iliyo safi atafute maneno “100% de agave” au “100% puro de agave”. Asiridhike na maelezo kwamba kinywaji “kimetengenezwa kwa agave ya buluu”, maana hata mchanganyiko unaweza kuelezwa hivyo bila uongo. Agave huchukua takriban miaka sita hadi minane kukomaa, nayo miwa huvunwa mapema zaidi. Hapo ndipo kishawishi cha kuchanganya kinapoanzia, na ni haki ya mlipaji kujua analipia kipi.

Namba inayoandikwa kwenye lebo pamoja na herufi NOM inathibitisha usafi?

Haithibitishi. Tarakimu zile hutambulisha kiwanda kilichotengeneza tequila, na aina zote mbili huwa nazo. Hata hivyo, chupa isiyo na namba hiyo ningeiacha rafuni. Dalili yenye uzito zaidi ni mahali ilipojazwa: tequila safi ni lazima itiwe kwenye chupa ndani ya eneo lake la asili nchini Mexico, ilhali ya mchanganyiko huweza kusafirishwa kwa matangi na kujazwa ng’ambo. Lebo inayodai asilimia 100 na papo hapo kutaja kiwanda cha kujazia cha nchi nyingine inajipinga yenyewe.

Mkonge wa Tanga nao ni agave. Hauwezi kutoa tequila?

Hauwezi, kwa kuwa mkonge ni spishi nyingine, *Agave sisalana*. Tequila hutokana na *Agave tequilana* ya buluu pekee, inayolimwa Jalisco na katika sehemu za Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas.

Rangi ya dhahabu ni alama ya ubora?

Rangi isikuongoze. Tequila inayoitwa reposado hukaa kwenye mapipa ya mbao kwa miezi isiyopungua miwili na ile inayoitwa añejo kwa mwaka mmoja au zaidi, lakini rangi kama hiyo huweza pia kutokana na karameli, yaani sukari iliyounguzwa. Tena hata tequila ya asilimia 100 iliyokomazwa kwenye mapipa inaruhusiwa kutiwa karameli, gliserini, dondoo ya mwaloni au shira, kwa jumla isiyozidi asilimia moja, bila lebo kulazimika kuvitaja. Ile asilimia 100 ya kwenye lebo inahusu chanzo cha sukari iliyochachushwa, wala haihusu vitu hivi.