Kabla Hujachukua Fomu: Kwa Wanaoingia Siasa za Wadi Lamu

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na hapa Lamu watu wameshaanza kupitapita. Wanaotaka kiti cha wadi, yaani ujumbe wa bunge la kaunti, hunijia kuuliza chama kipi kina upepo, mchujo utagharimu kiasi gani, kikundi kipi cha kina mama kinasikilizwa mtaa wa Langoni. Majibu ya maswali hayo utayapata bure ukikaa Mkunguni, mbele ya Ngome, baina ya magharibi na isha. Mimi huwarudishia swali jingine: nyumbani mmekubaliana nini? Wengi hucheka. Nimefanya kazi ofisi ya wadi tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, chini ya waheshimiwa wawili wa vyama tofauti, na nimeifanya nikiwa na watoto wa kulea, kwa hiyo mimi sicheki.

Kaunti yetu ina wadi kumi tu, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Gawa, toa watoto, toa wasiojiandikisha. Waliobaki utawajua kwa sura au kwa majina ya baba zao. Wanaokwambia utenganishe siasa na familia wasikilize kwa adabu, kisha shika njia yako. Hapa mpinzani wako ni binamu, wakala wako kituoni ni shemeji, na bibi aliyetangaza hadharani kwamba kura yake huioni ndiye aliyekunyonyesha mama yako alipougua. Linalowezekana ni hili: tangaza mapema, mbele ya watu, utakayoyafanya na usiyoyafanya, ili siku utakapomkatalia jamaa yako awe amekataliwa na kanuni aliyoisikia tangu mwanzo.

Anza na pesa, maana ndizo zinazofika nyumbani kwanza. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea hutakiwa kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Kwa mwalimu au karani wa kaunti, hiyo ni mapema Februari 2027. Sasa tazama kalenda: Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza siku hizo hizo. Mshahara unakatika, na mwezi wa futari unaingia na foleni mlangoni. Watoto wanataka nguo za Idi, mama mkwe anataka kujua kwa nini mwaka huu mkono umekuwa mfupi, na wapambe wanakwambia mwenzako ameshagawa mifuko mia kadhaa.

Mifuko hiyo unaijua: unga, sukari, mchele, tende, chupa ya mafuta, na juu yake karatasi yenye picha ya mgombea akitabasamu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu nilimwona akiupokea wake kwa heshima zote, akauweka barazani, akaibandua ile karatasi kwa kucha taratibu mpaka ikatoka nzima, akaikunja, akamrudishia kijana aliyeileta. Kisha akaingia na mfuko wake ndani. Hakusema neno. Kila mtu hapa amefundishwa madrasa ile hadithi ya Mtume ya watu saba watakaopata kivuli siku ya Kiyama, siku isiyo na kivuli kingine, na mmoja wao ni mwenye kutoa sadaka hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Kwa hiyo amua mapema: unachotoa Ramadhani ni sadaka au ni kampeni? Ikiwa ni sadaka, itoe kama ulivyokuwa ukitoa kabla hujafikiria kiti, kwa kiasi kile kile na bila kamera. Ikiwa ni kampeni, kumbuka kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imeifanya hongo kwa mpiga kura kuwa kosa, na hongo si lazima iwe noti. Lakini mimi sheria naiweka nyuma hapa. Wanao watakuwa wamekaa pale wakiangalia ukifanya jambo ambalo ustadhi wao amewafundisha kinyume chake. Na watoto huuliza.

Michango mingine, yaani mazishi, arusi, harambee ya msikiti, matibabu Mombasa, haina mwisho wala haitakuwa nao. Mheshimiwa wa pili niliyemfanyia kazi alikuwa na daftari. Kila mwezi alitenga kiasi kimoja, mazishi yakitangulia, wagonjwa wakifuata, arusi mwisho. Kiasi kikiisha tarehe 12, kimeisha tarehe 12. Alilitangaza hilo mwanzoni, akanung'unikiwa mwaka wa kwanza, halafu watu wakazoea. Wenzake waliosema "nitaona" kwa kila mtu walikuwa wanazima simu kufikia mwaka wa pili.

Ukishachaguliwa, hodi hazitapigwa kwako peke yako. Mke wa mheshimiwa ni ofisi isiyo na mshahara. Wanawake huingia ndani, hupewa kahawa, na kabla ya adhuhuri mama wa nyumba ameshasikia karo ya fulani, bomba lililokatika, kijana aliyeshikwa na polisi, na malalamiko kwamba mume wake alipita mtaa wa Mkomani bila kusalimia. Usimwache ajibu kwa kubahatisha. Kubalianeni jibu moja, naye alitoe bila kuona haya: "Nimekuandika jina lako, nenda ofisini Jumatatu." Asiahidi kitu, na wewe usiahidi kupitia yeye. Nimemwona mke mwema kabisa akiitwa mwongo sokoni kwa ahadi ya mumewe. Jambo jingine ambalo wake kwa waume hulijua wakati umeshapita: tamko la mali unalotakiwa kuwasilisha humhusu pia mwenzi wako na watoto walio chini ya miaka 18. Kiduka chake, kiwanja alichorithi kwa baba yake, vyote vinaandikwa. Mwambie kabla ya fomu ya chama.

Basari ndiyo itakayokupima. Watu hawatofautishi basari ya kaunti na ile ya mfuko wa eneobunge, ambayo iko kwa mbunge. Wao wanajua kuna pesa za shule na wewe ndiye uliyekuja kuomba kura. Ofisini kwetu tulibandika kanuni mlangoni: jamaa wa yeyote anayekaa kwenye kamati ataomba kama wengine, na jina lake likifikiwa, jamaa yake aliye kwenye kamati atatoka nje. Orodha ya waliopata ilisomwa kwa sauti barazani, majina yote, na yeyote aliweza kuuliza. Mwaka mmoja mtoto wa dada yangu alikosa, kwa sababu fomu haikuwa na muhuri wa shule. Dada alikuwa amezoea kwamba mimi "niko pale". Hakunisemesha mpaka Maulidi, akaja na sinia la vyakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini sikulazimika kujieleza kwa yeyote, kwa kuwa kila mtu pale barazani alikuwa amesikia lililosomwa.

Zabuni ni rahisi zaidi kuzikataa, kwa sababu sheria imekufanyia kazi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza mjumbe wa bunge la kaunti kushiriki katika kazi za utendaji wa kaunti au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wake. Mpwa wako akija na habari za kandarasi ya boti au kokoto, mwonyeshe ukurasa. Uchape, uuweke kwenye simu. Atakwambia wengine wanafanya. Mkubalie kwamba wengine wanafanya, kisha mkaribishe chai.

Wakati ni shida nyingine, na wenye wadi za visiwani na za kule Kiunga na Basuba wanaijua kuliko sisi wa mjini. Boti ya kutoka Pate inaangalia maji. Yakipwa, mkondo wa Mkanda haupitiki, na mheshimiwa aliyetarajiwa kula na wanawe analala Amu, yaani mjini Lamu, kwenye chumba cha kupanga. Akifanya hivyo wiki nzima, kisha wikendi akaenda mazishini na arusini, hapo nyumbani ana jina tu. Nilimwona mmoja aliyelimaliza jambo hilo kwa ukali: alihamishia familia mjini kwa muda wote wa awamu, akatukanwa kwamba amewakimbia watu wake, naye akawa anarudi kijijini kila maji yaliporuhusu, siku zilizojulikana. Mwingine alikataa kuhama, na sikumlaumu, kwa sababu mamake alikuwa mgonjwa na hakutaka kuondoka kwenye nyumba ya mumewe. Hakuna jibu moja. Ila jueni hili: Katiba inamwondolea kiti mjumbe anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika wala sababu ya kuridhisha. Watu huitumia habari hiyo kujitisha. Isomeni vizuri: ruhusa ipo. Mkeo akijifungua, mtoto akilazwa, barua ya ruhusa ni mistari mitatu. Wanaume wengi huona haya kuiandika.

Kina mama wanaotaka kiti nitawaambia kwa ufupi, maana yao yanastahili ukurasa wao: tafuteni mtu wa nyumbani, kaka au mtoto mkubwa, atakayekaa nanyi kwenye vikao vya usiku tangu siku ya kwanza, msingoje mpaka maneno yaanze. Na msidharau arusi na matanga. Wagombea wa kiume hupita hapo dakika kumi. Ninyi mtakaa mchana kutwa mkisikiliza, na huko ndiko wadi inakozungumza.

Sasa mambo makubwa, yale yanayoigawa nyumba yenyewe. Mradi wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi uliwafanya watu wale futari bila kutazamana. Kulikuwa na mwenye shamba aliyengoja fidia na kulikuwa na ndugu yake mvuvi aliyehofia bahari, na wote wawili walikuwa na haki ya kusema. Mahakama ya Mazingira ya kitaifa ilipofuta leseni ya mradi huo Juni 2019, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, nusu ya meza ilishangilia na nusu ikanyamaza. Ya bandari mpya ya Lamu yalikuwa hivyo hivyo: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walioathirika walipwe shilingi bilioni 1.76, na ghafla kila ukoo ukawa na mtu anayeapa kwamba alizaliwa ndani ya ngalawa.

Mgombea mpya hudhani atakwepa mambo kama haya kwa kusema "tutawasikiliza wananchi". Huwezi. Kaa na jamaa zako ujue nani ana ardhi wapi, nani ana hisa kwenye boti gani, nani anafanya kazi na mwekezaji yupi. Kisha uliseme bungeni na barazani kabla mwingine hajalisema: "Ami yangu ana shamba pale." Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inataka maslahi kama hayo yawekwe wazi, lakini hata isingetaka, mji huu ungetaka. Ukishalisema, amua msimamo wako na uwaeleze wa nyumbani kwanza, uso kwa uso, kabla hawajausikia kwenye kikundi cha WhatsApp. Watakasirika. Mtu mzima akielezwa na kuheshimiwa hukasirika kwa adabu.

Na liko la ulimi. Lamu ni ya Waamu na Wabajuni, ni ya Waboni na Waorma, ya Wagiriama, na ya Wakikuyu waliopewa mashamba Mpeketoni tangu miaka ya 1970. Kampeni ikikaza, wapambe watakuletea maneno ya "wetu" na "wale wa kuja", watakwambia yana kura. Yana kura, sikatai. Mgombea mmoja aliyasema sebuleni kwake tu, usiku, na watu wake wa karibu. Wiki iliyofuata mwanawe wa darasa la nne aliyarudia shuleni, kwa mtoto wanayekaa dawati moja, na mama wa nyumba ndiye aliyeitwa na mwalimu, kwa kuwa mheshimiwa mtarajiwa alikuwa wadi ya Hindi akihutubia amani. Ukitaka kujua kama jambo unaliamini au unalitumia, lisikilize likitoka kinywani mwa mtoto wako.

Mkutano wa nyumbani ufanyeni kabla ya Ramadhani ya 2027, na wawepo wote watakaoguswa: mwenzi, wazazi, watoto wakubwa, na yule kaka mwenye duka, kwa sababu mkopo ataombwa yeye. Andikeni mliyokubaliana. Na lipo suala ambalo watu huliruka kwa haya, la dhahabu. Mahari aliyopewa mke ni mali yake, dini imelisema wazi, na bado kila uchaguzi bangili huenda Mombasa na hazirudi. Asiambiwe "nitakununulia nyingine nikishinda". Akitoa kwa hiari yake, iandikwe kama deni, kiasi na mashahidi, kama ambavyo ungemwandikia mtu wa nje. Asipotaka kutoa, lisiulizwe mara ya pili. Na ikiwa kampeni haiendi bila bangili hizo, uchaguzi mwingine uko 2032.