Jibu: Asilimia ya waliopiga kura imeshuka, je, watu wamekata tamaa?

Umeuliza kama kushuka kutoka asilimia 60 hadi 45 katika mji mdogo wa kijijini ni dalili ya watu kukata tamaa. Usikimbilie hapo, kagua daftari la wapiga kura kwanza. Tuseme lina majina 1,200 na waliopiga kura ni 540: hiyo ni asilimia 45. Ondoa majina 200 ya waliofariki na waliohama, inapanda hadi 54. Vijana wanaokwenda kutafuta kazi kwingine mara nyingi hubaki daftarini, na hapo ndipo hesabu za miji midogo huharibika zaidi.

Kisha linganisha kituo kwa kituo, uchaguzi wa aina moja (wa rais usiulinganishe na wa madiwani). Kura zilizoharibika zihesabu kwenye waliojitokeza, ila ziondoe unapotafuta asilimia ya mgombea. Tena kituo chenye wapiga kura 90, ukoo mmoja wenye kura tisa ukisafiri, asilimia 10 nzima imekwenda.