Moyo waenda mbio kwenye feri

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza mitumba Kongowea, nakaa Likoni. Asubuhi nikiingia kwenye feri moyo hunienda mbio, mikono hufa ganzi, naona kama nakata roho. Vipimo vya moyo ni sawa. Daktari amenipa setralini, dawa ya wasiwasi, wiki ya kwanza imekwisha na sioni nafuu. Jirani asema niache, nitakuwa mraibu. Nitokapo nyumbani huwa nimekunywa kahawa tungu tu.
Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Setralini huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na siku za mwanzo yaweza hata kukuzidishia wasiwasi. Si dawa ya uraibu. Labda jirani anaifikiria diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo kweli huzoeleka. Ila setralini ukiikatiza ghafla waweza kupata kizunguzungu, basi dozi muachie daktari. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, rudi kwake siku hiyohiyo.

Kahawa sasa. Kahawa tungu na tumbo tupu, mwanangu! Hiyo yaamsha mapigo yaleyale unayoyaogopa. Ipunguze kidogo kidogo, na ule kwanza, hata mahamri mawili na mbaazi.

Hofu ikikushika chomboni, shusha mabega, vuta pumzi kwa pua, itoe kwa mdomo polepole zaidi. Hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Na tafadhali usianze kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kuikwepa feri, maana hofu hunenepa ukiikimbia. Muombe daktari tiba ya mazungumzo pia. Kwa sasa vuka na mtu unayemuamini.