Lenzi mbili za kwangu, ya tatu ya kukodi

Bibi yake bibi harusi alikuwa ameketi kwenye mkeka, Mikindani, na mjukuu akapiga magoti mbele yake kuaga. Yule bibi akashika ncha ya kanga yake, akailowanisha kwa ulimi, akamfuta mjukuu wanja ulioshuka na machozi. Jambo la sekunde nne, tano hivi. Picha hiyo sina. Nilikuwa nimechutama mlangoni, mfuniko wa lenzi nimeung'ata kwa meno, lenzi moja kwapani, natafuta nyingine begini. Nilipoinua kichwa vigelegele vimeshaanza na watu wanasukumana kutoka nje.

Siku hiyo nilikuwa na lenzi tano. Nilitoka nazo Mtwara mjini kwa bajaji, kama kilomita kumi, begi limenilalia mapajani kama mtoto mgonjwa. Nilizinunua kidogo kidogo, kila msimu wa korosho moja, maana huku kwetu harusi zinafuata hela ya korosho: minada ikianza Oktoba, simu zinaita mpaka Januari. Baada ya hapo unashindia ming'oko, ile mizizi ya porini, na kuhariri picha za watu ambao hawajamalizia malipo. Kwa hiyo ukiwa na hela mkononi Desemba unaona kila lenzi unaihitaji. Niliwahi kununua moja kwa sababu tu mpiga picha aliyetoka Dar alikuwa nayo.

Vijana wanaoanza huniuliza sana, "Kaka, nianze na lenzi gani?" Siku hizi nawajibu kwa swali: picha ulizokwisha piga, ulizipiga kwa milimita ngapi?

Wengi hawajui kwamba jibu lipo ndani ya picha zenyewe. Kila faili la picha kama lilivyotoka kwenye kamera linatunza kumbukumbu yake: lenzi ilikuwa milimita ngapi (chache zinaona pana, nyingi zinavuta karibu), tundu la kupitisha mwanga lilifunguka kiasi gani, shata, yaani pazia la kamera, ilikwenda kwa kasi gani. Fungua picha kwenye kompyuta, tazama sehemu ya maelezo, utayaona. Baada ya aibu ile ya Mikindani nilichukua harusi tatu na ngoma moja, nikahesabu. Sikuhesabu picha zote, maana nikiwa na wasiwasi napiga ovyo. Nilihesabu zile tu ambazo mteja alizichagua zisafishwe. Ilinichukua jioni nzima na daftari la mistari.

Zaidi ya nusu zilikuwa kati ya milimita 24 na 40. Kundi la pili lilikuwa la 55, yaani zumu yangu ya kawaida ikiwa imevutwa mpaka mwisho, nyuso za watu. Lenzi pana ya 10-20, iliyonila hela kuliko zote, ilikuwa na picha sita, na nne kati ya hizo ni ukumbi mtupu kabla wageni hawajafika.

Nikauza tatu. Nilizobaki nazo ni ile 18-55 iliyokuja na kamera na 35 isiyo na zumu, yenye f/1.8 (hiyo ni namba ya tundu: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Natumia Nikon D5300, kwa hiyo majina nitakayotaja ni ya huko. Wa Canon na Sony watafute ndugu zake.

Niseme kwanza kwa nini 35 na si 50, maana kila mtu anashauriwa 50. Ni lenzi nzuri, ni ya bei nafuu, na kwenye kamera ambayo sensa yake, kile kibati kinachopokea mwanga, ni kubwa kama filamu ya zamani, ile ya milimita 36 kwa 24, inaona kwa staha kabisa. Lakini wengi wetu hatuna kamera hizo. Sensa zetu zina upana wa karibu milimita 24 tu, na hapo 50 inabana, inakuwa kama 75. Fanya hesabu hii, haihitaji shule: chukua umbali uliosimama, zidisha kwa 24, gawanya kwa milimita za lenzi. Unapata upana utakaoingia kwenye picha ukishika kamera kwa ulalo.

Sasa ingia chumba anachopambiwa bibi harusi, Chikongola au Magomeni ya hapa Mtwara. Umeegemea ukuta, yeye yuko mita tatu mbele yako. Kwa 50 unapata mita moja na nusu kasoro. Anaingia yeye na kiwiko cha mpambaji. Kwa 35 unapata mita mbili na kidogo: yeye, mpambaji, na shangazi aliyekaa kitandani anatoa amri. Kwa 18 unapata mita nne, chumba kizima pamoja na ndoo ya maji na nguo zilizotundikwa msumarini ambazo mwenye nyumba asingependa zionekane. Nyumba zetu ni za mita tatu. Ndiyo maana 35 imekaa kwenye kamera yangu kama imegundishwa. Mwenye Canon ya sensa ndogo atazame ile nyembamba ya 24 yenye f/2.8, haina tundu kubwa kama hii yangu lakini kwa nafasi zetu inakaa vizuri zaidi ya 50.

Halafu kuna giza. Hapa ndipo lenzi ya zumu ya kawaida inapoumbuka. 18-55 ikiwa 18 inafungua f/3.5, ukiivuta mpaka 55 inabaki f/5.6. Tundu la f/1.8 linaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Kwa vitendo: ukumbini usiku, taa za rangi zile zinazozunguka, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) nimeipandisha mpaka 3200, kwa f/5.6 nilikuwa naambulia shata ya 1/30. Bwana harusi anacheza, anatoka kama moshi. Kwa f/1.8 ISO ileile inanipa 1/250 na chenji inabaki. Watakuambia lenzi yenye kituliza mtikisiko inatosha. Kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wako wewe mshika kamera. Hakimtulizi mama anayecheza sindimba. Kiuno kile kinasimamishwa na kasi ya shata tu.

Ila f/1.8 nayo ina hila zake. Ukimkaribia mtu na tundu wazi, jicho moja linakuwa kali na aliyesimama nyuma yake kidogo anafutika. Niliwahi kumpelekea mteja picha ambayo mke ni kioo na mume ni ukungu, na mume ndiye aliyekuwa analipa. Watu wawili siku hizi nafunga mpaka f/2.8, kundi la familia f/5.6 na flashi inapigwa darini, kama dari lipo na ni jeupe. Na usimsogelee mtu na 35 chini ya mita moja kwa picha ya uso, pua inakua.

Ile 18-55 watu wanaidharau kwa sababu ilikuja bure kwenye boksi. Nami niliidharau, ikakaa kabatini karibu mwaka. Nilianza kuiheshimu Kilwa Kisiwani. Nilikuwa nimepanda boti kutoka Kilwa Masoko na 10-20 begini, nimejipanga kupiga matao ya Msikiti Mkuu. Kwa 10 kila nguzo ilipinda kuelekea katikati kama walevi wamekumbatiana, kwa sababu nilikuwa nainua kamera juu kutafuta kuba. Nikaweka 18-55, nikarudi nyuma hatua chache, nikashika kamera bila kuiinamisha wala kuiinua, nguzo zikasimama. Mchana kwenye jua letu hakuna mtu atakayetofautisha picha ya lenzi ile na ya gharama, ukifunga mpaka f/8. Upande wake wa 55 ndio napigia nyuso nje. Dawa yangu ni mkorosho. Si chini yake katikati, huko mwanga unapenya vipandevipande na kumtia mtu madoa usoni. Mweke ukingoni mwa kivuli, uso auelekeze nje kwenye uwazi. Saa sita mchana ya Mtwara, jua la utosini, na bado unapata picha laini.

Kuna faida nyingine ndogo niliyoigundua baadaye. Hizi mbili zangu, 35 na 18-55 ya toleo langu, zina mdomo wa milimita 52 zote. Filta moja inatosha, mfuniko ukipotea naazima wa nduguye. Namba hiyo imeandikwa mbele ya lenzi baada ya alama ya duara lenye mstari. Itazame kabla hujalipa, maana matoleo ya 18-55 hayafanani.

Ya tatu ni 55-200. Niliiuza kwa mpiga picha mwenzangu wa Lindi kwa sharti kwamba nikiihitaji ananikodisha. Kilomita mia na kidogo, anaikabidhi kwenye basi la asubuhi, mchana ninayo. Naihitaji mara nne, tano kwa mwaka: mechi pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, na wali, vijana wa jando na unyago, wanapotolewa. Kwenye mechi ya saa kumi jua lipo, f/5.6 inatosha kwa shata ya 1/1000. Kwenye ngoma ya wali inakusaidia ukae nje ya duara, usiwe yule kijana anayepita mbele ya wachezaji na kamera. Lakini kuvuta mbali si ruhusa ya kuiba. Kuna yanayopigwa picha na kuna ya ndani ambayo hayapigwi, na wa kukuambia ni kungwi au mjomba wa mwali. Nenda umsalimie kabla hujafungua begi.

"Sasa si ununue moja tu ya 18-200 umalize?" Ukisafiri mchana na hupigi kazi ya kulipwa, nunua, sikukatazi. Mimi jioni ndiyo naanza kazi.

Upepo nao ulinifunza uchache. Msimbati, mchanga ni mweupe na laini kama unga, na kipindi cha kusi unatembea hewani. Nilibadilisha lenzi pale mara moja tu. Nilirudi na madoa kwenye sensa yaliyoonekana kwenye kila anga la buluu mpaka fundi alipoisafisha. Siku hizi nikienda ufukweni lenzi naifunga kwenye kamera nikiwa nyumbani, mlango umefungwa, feni imezimwa, na hairudi kutolewa mpaka nyumbani tena. Chumvi iliyoganda kwenye kioo cha mbele usiifute kikavu, itakwaruza. Ipulize kwanza, kisha kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Lakini adui mkubwa wa pwani ni kuvu. Lenzi isiyotumika, kwenye begi la kitambaa, chumba chenye joto na unyevu, inaota nyuzi ndani kama utando wa buibui, na zikikaa sana zinakula tabaka jembamba lililopakwa kwenye kioo. Lenzi tano maana yake tatu zimelala. Mbili zinatoka kila wiki, zinapata hewa. Zikilala, zinalala kwenye kopo la plastiki la kufunga vizuri, lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Omba dukani, wanavitupa.

Ukinunua iliyotumika, na wengi tutanunua iliyotumika, nenda na tochi ya simu. Fungua mifuniko yote miwili, mulika upande wa nyuma, tazama kwa mbele huku unaigeuza taratibu. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi, rudisha, hata kama muuzaji anakuita mjomba. Kisha ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji, upige palepale.

Hilo la mwisho nililijua kwa hasara. Ile 50 yangu niliinunua Kariakoo, 50 f/1.8D, kioo safi, bei ya kuokota. Muuzaji aliifunga kwenye kamera yake, ikashika fokasi tii. Nikalipa, nikapanda basi. Kumbe lenzi za Nikon zenye D hiyo bila neno AF-S hazina mota ya fokasi ndani. Zinategemea mota iliyomo kwenye kamera. D7000 na wenzake wanayo. D3000 na D5000 na wadogo zao, ikiwemo hii yangu, hawana. Kwao unatafuta iliyoandikwa AF-S. Nilifika Mtwara usiku, nikaifunga, nikabonyeza, kimya. Nikapiga harusi mbili nikizungusha fokasi kwa mkono.

Ndiyo pekee kati ya zile tatu ambayo haikupata mnunuzi wa kweli. Aliyeichukua aliirudisha kesho yake, kwa sababu ileile. Sasa iko dirishani. Watoto wa jirani wamegundua kwamba ukiigeuza na kuiweka jichoni unamwona siafu mkubwa kama kidole, na wakirudi shule wanapanga foleni kibarazani kuiomba.