Kabla hujashika bisibisi: kwa fundi wa monita anayeanza

Monita ya kwanza niliyoiharibu ilikuwa nzima. Iliingia kibandani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, mwenyewe akisema haiwaki. Nami kwa uroho wa kuona ndani nikaifungua palepale, nikavunja klipu mbili za fremu na kuukata waya bapa wa vitufe. Jioni mkubwa wangu akafungua plagi ya ukutani: fyuzi imeungua. Fyuzi! Nikailipa ile monita kwa vipande vya ujira wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza nje. Hamisha soketi, badili fyuzi, azima waya wa umeme wa kompyuta nyingine. Kisha chomoa waya wa picha, uiwashe monita peke yake. Ikikuandikia kwamba haipati mawimbi, yenyewe iko hai, kamtafute mchawi kwenye waya au kwenye kompyuta. Picha ikiwa ya manjano tupu au ya waridi, chungulia plagi ya VGA, ile ya waya wa picha yenye pini nyingi. Mara nyingi pini moja imelala, na kibano kidogo kinainyanyua.

Taa ya kitufe inawaka lakini kioo cheusi? Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, uimulike kioo kwa upande, karibu kabisa. Ukiona picha kwa mbali, kama kivuli, basi kioo kinafanya kazi, kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Kuna nyingine huwaka sekunde mbili, picha nzuri kabisa, halafu giza. Sisi tunaziita "waja leo waondoka leo", kwa ule msemo wa Tanga yetu. Hizo ni za zamani zenye taa za mirija: sakiti inayozilisha ikihisi mrija umechoka au umeme hautoshi, inajizimia ili isiungue.

Kioo kilichopasuka, mwambie mwenyewe ukweli na umrudishie. Bei ya kioo kipya inakaribia ya monita nzima iliyotumika.

Sasa kufungua, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Kwenye bodi ya pawa kuna kapasita moja kubwa, yaani kifaa kama mkebe kinachohifadhi umeme, imeandikwa volti 400 au 450. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu, ndani ya mkebe ule hufika kama volti 325, na hubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Ulinirusha mimi hadi kiwiko kikagonga ukuta. Chomoa, subiri, pima kwa mita. Kama bado umo, umalizie kwenye balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha pima tena. Wapo wanaogusisha bisibisi kwenye miguu yake. Cheche ile inaharibu bodi, na siku moja itaharibu jicho.

Baada ya hapo angalia kapasita ndogo zilizo upande wa pili wa transfoma. Kichwa cha kapasita kinatakiwa kiwe bapa kama sarafu. Kikituna kama andazi, au kukiwa na majimaji ya kahawia chini yake, umempata mchawi. Weka yenye maikrofaradi zilezile, yaani kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue, na iandikwe nyuzi joto 105, si 85. Mstari wa ubavuni ni upande wa hasi. Ukiigeuza, itapasuka mbele ya uso wako. Zingine hufa bila kuvimba, hizo utazijua kwa mita tu.

Monita za nyumba za Raskazone, kule kando ya bahari, zina ugonjwa wao: hewa ya chumvi. Utakuta ukungu wa kijani kwenye miguu ya viunganishi. Mswaki mkavu na spiriti, iache ikauke kabisa, na ajabu ni kwamba zingine hupona hapohapo bila kubadilishwa kitu.

Ukimaliza, usiharakishe kufunga klipu. Iwashe ikiwa wazi, mikono mbali, uiache. Kuna ubovu unaojitokeza joto likishapanda tu. Mimi huiwasha adhuhuri, nikitoka kuswali alasiri nikaikuta inawaka, ndipo naifunga na kumpigia mwenyewe simu.